Wiki Mbili za Bure

Ninyi mnaoanza kazi ya kuzalisha mwaka huu mna bahati. Simu zenu zinajua kila kitu. Mnaingiza tarehe, simu inawaambia mtoto sasa ni mkubwa kama ndimu, mwezi ujao atakuwa kama parachichi, na siku ya kuzaliwa ni Jumanne. Sijui kwa nini bado mnavaa blauzi nyeupe. Mngeitundika simu ukutani, wanawake wakawa wanapita mbele yake.

Mimi nimestaafu. Najua mnacheka: mtu wa miaka thelathini na nane anastaafuje? Ni rahisi. Kampuni moja iligundua kwamba chini ya maternite yetu, nyumba ya kuzalishia, kuna shaba. Hapa Kolwezi kuna shaba chini ya kila kitu, chini ya kanisa na hata chini ya marehemu, kwa hiyo sikuona ajabu ya ugunduzi huo. Asubuhi moja buldoza likaja, ukuta wa chumba cha kuzalishia ukalala chini, na mimi pamoja na mizani ya watoto tukawa watu wa zamani. Tuliahidiwa maternite nyingine, nzuri zaidi. Naisubiri kama wengine wanavyosubiri mwisho wa dunia, ila wao wana dalili nyingi kuliko mimi.

Nilisoma chuo kikuu Lubumbashi, nikarudi na diploma na ugonjwa mmoja: kuuliza. Kila nilichoambiwa, nilijibu "Juu ya nini?", yaani kwa nini. Wenzangu wakaniita Mama Juu-ya-Nini, na jina hilo ndilo nililobaki nalo.

Sasa mnisikilize, kuna mambo ambayo simu haiyajui.

Chuoni tulifundishwa kumwuliza mjamzito siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Profesa alilisema swali hilo kana kwamba wanawake wa Lualaba huamka na kalamu mkononi. Siku yangu ya kwanza ya kupokea wajawazito nikaliuliza kwa sauti safi ya chuo.

"Ilikuwa wakati viwavi biliingia ku soko," alisema wa kwanza.

"Wakati pompi ya kartie ilikufa," alisema wa pili.

Wa tatu alifikiri sana. "Mama, ilikuwa kisha ile siku bwana alinikasirisha."

"Alikukasirisha siku gani?"

"Eh, Mama! Siku gani hanikasirishake?"

Nilitaka kurudi Lubumbashi nikamlete profesa kwa sikio. Aliyeniokoa ni Mama Veronika, mzalishaji mkuu wetu, mwanamke mfupi aliyekuwa na mikono mikubwa na subira ndogo. "Uliza viwavi bilikuwa bibichi ao bikavu," aliniambia, bila kuinua macho. Viwavi vibichi ni mwanzo wa msimu, vikavu ni baadaye. Pompi ya maji ya mtaa ilikufa mbele ya mtihani wa shule au kisha, yaani kabla au baada? Ukiuliza hivyo mara tatu nne, tarehe inajitokeza yenyewe, na mara nyingi haipishani sana na ya mashine.

Msianze kudhani kwamba Mama Veronika alikuwa mtabiri. Alipenda kuweka viganja juu ya tumbo, kufumba macho na kutangaza mwezi wa mimba kama anasoma Zaburi. Aliwahi kumtangazia mwanamke mmoja mapasa. Familia ikanunua kila kitu viwili viwili. Akatoka mtoto mmoja, dume, na kichwa cha kutosha wawili. Mama Veronika akasema viganja vyake havikukosea, ni mtoto aliyekosea.

Vifaa navyo vina hila zao. Kuanzia kama mwezi wa tano wa mimba, unaweza kupima tumbo kwa futi ya fundi cherehani, toka mfupa wa chini hadi kilele cha kizazi, na sentimita zikakaribia wiki. Mwambie mama aende kwanza kukojoa, la sivyo utapima kibofu na kukipa tarehe ya kuzaliwa. Na itazame futi yenyewe. Yetu, mlinzi aliikata kipande cha mwanzo ili afungie betri ya redio yake, akairudisha mezani bila neno. Ikawa inaanzia tatu. Kwa mwezi mzima mimba zote za kartie zikakua ghafula. Wanawake walifika na mabeseni, sabuni na vitenge, wakalala siku mbili wakitazama dari, wakarudi nyumbani na mabeseni yao. Mlinzi akawa anawasindikiza hadi getini huku redio yake ikiimba vizuri sana.

Na mtoto akianza kucheza? Hiyo pia ni kalenda, lakini muulize mama ni mimba ya ngapi. Mwenye watoto hutambua mapema. Mwenye mimba ya kwanza hupitisha wiki kadhaa akidhani ni maharage.

Haya yote mtajifunza. Lakini kuna kanuni moja ya Mama Veronika ambayo niliibishia miaka miwili. Kabla ya kumwambia mwanamke umri wa mimba yake, alitoa watu wote nje: mume, mama mkwe, shangazi, hata mchungaji. "Hesabu ni ya mwenye tumbo," alisema. Mimi nikamwuliza juu ya nini. Sayansi si siri, nilisema. Ukweli unamdhuru nani? Nilikuwa na sauti nzuri sana siku hizo.

Kisha ikaja mashine ya ekografi, ile ya kumwona mtoto tumboni.

Ililetwa na wafadhili ambao walipiga picha nayo, wakaondoka. Pamoja nayo akaja Docta Kalala, kijana mwenye miwani mipya, aliyeigusa mashine kama mtu anayemgusa farasi wake mwenyewe. Docta Kalala alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema, maana sasa nitamsema vibaya.

Siku ya tatu ya mashine alifika msichana aitwaye Georgette, mimba yake ya kwanza, pamoja na mumewe Ilunga na mama mkwe wake, Mama Ngoie. Ilunga alikuwa mchimbaji wa mikono. Baada ya Mwaka Mpya alikwenda Tenke na timu yake kufungua shimo, na hakurudi hadi Pasaka. Tenke si mwisho wa dunia, lakini shimo jipya halina likizo: ukitoka, mwingine anashika nafasi yako. Na mke hawezi kwenda kukutazama, kwa sababu wachimbaji wanasema mwanamke akikaribia shimo, madini hukimbia. Nimejiuliza mara nyingi madini yanakimbilia wapi, na nani aliyaambia mabaya juu yetu.

Mama Ngoie alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye watoto saba wazima na shingo iliyonyooka. Alisimama nyuma ya Docta Kalala kama mkaguzi. Hakuna aliyewatoa watu nje. Mama Veronika alikuwa chumba cha pili na mzazi, na mimi nilikuwa naamini sayansi.

"Wiki kumi na moja!" Docta akatangaza. "Moyo unapiga vizuri. Bravo, tata!"

Ilunga akaanza kutabasamu kwa kuitwa baba. Kisha tabasamu likasimama katikati, maana mama yake alikuwa ameanza kuhesabu. Hakutumia vidole. Mtu wa kwaya anazijua Jumapili zake.

"Toka Pasaka mupaka leo ni wiki tisa," alisema. "Mwana yangu alifika Pasaka, tukiwa tunatoka ku kanisa. Docta, umesema ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Rudilia tena."

"Kumi na moja. Mashine haisemi bongo, haidanganyi, mama."

Asante, Docta. Mashine ikaendelea kuonyesha kale kamoyo kakipepesa. Georgette alikuwa amelala, tumbo limepakwa ile dawa baridi, akitazama dari.

"Mi sikutoka na mutu," alisema polepole. "Mama, mi sikutoka na mutu."

Mama Ngoie alikuwa ameshaokota mkoba wake.

Ninyi mmesoma, mnajua kosa liko wapi. Mimba huhesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ambayo mwanamke anaweza kuikumbuka. Siku yenyewe ambayo mtoto anaanza inakuja kama wiki mbili baadaye, na haipigi hodi. Kwa hiyo kila mimba duniani hupewa wiki mbili za bure, wiki ambazo hakuna mtoto, wala mbegu, na mume anaweza kuwa Tenke akipiga sururu. Kumi na moja toa mbili ni tisa. Mashine ilikuwa imesema Pasaka, wazi kabisa. Ilikuwa shahidi bora wa Georgette, na ilikuwa imemhukumu.

Niliwakimbilia barazani nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, mpaka kwa mchoro juu ya udongo.

Mama Ngoie alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo wiki mbili za kwanza, mimba iko, lakini mutoto haiko?"

"Ndiyo, mama."

"Na bwana haiko?"

"Hata bwana hahitajiki, mama."

"Basi ile ni ya Bikira Maria." Akafunga kitenge chake upya. "Mi nilizaa saba. Hata moja haikuanza mbele ya bwana. Banabasomesha ku Lubumbashi kuongeza wiki juu ya kufunika makosa ya babibi ba batu?"

Hukumu ilikuwa tayari: Jumamosi kulikuwa na lori la kwenda Musumba, walikokuwa wazazi wa Georgette. Barabara ya Musumba mnaijua. Wanaume wazima wasio na mimba hushuka pale wakishika viuno. Na mwanamke anayerudishwa na lori hana haja ya kueleza anapofika, mji mzima umeshajibu kwa niaba yake.

Ilunga alikuwa amekaa juu ya ngazi, kichwa mikononi. Nikaacha sayansi, nikakaa karibu naye.

"Ilunga, shimo lenu la Tenke mlilianza lini?"

Akaniona kama mwendawazimu. "Kisha Mwaka Mpya, mama."

"Na madini mliyapata lini?"

"Eh, ile ni kisha. Kwanza tutoshe udongo mwekundu nje. Tutoshe maji. Tufike ku jiwe."

"Mtu akikuuliza shimo lina muda gani, unahesabu toka siku ya madini?"

"Apana! Toka siku ya kufungua. Ile yote ni kazi."

"Basi mwili wa mke wako ulifungua shimo kabla ya Pasaka. Wewe ulifika siku ya madini."

Nikaona maneno yakishuka ndani yake, kama ndoo kwenye kamba. Akamgeukia mama yake.

"Mama, ile iko na maana."

"Tumbo si shimo la Tenke," Mama Ngoie akamkata.

"Mama, mashimo yote tunahesabu vile."

"Na wee, Juu-ya-Nini, sasa umekuwa mchimbaji?"

Lakini Ilunga alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa mrefu kuliko mama yake. Alisema kama Georgette anapanda lori, yeye pia anapanda. Mama Ngoie alimtazama, akatazama geti, akatoa hukumu ya pili, mbaya karibu kama ya kwanza.

"Tutangojea. Pasaka na miezi tisa ni kisha Mwaka Mpya. Mutoto akizaliwa kisha Mwaka Mpya, ni mutoto yetu. Akizaliwa mbele ya Noeli, mama yake atarudi Musumba, na wee Ilunga hautasema tena neno."

Wote wakaridhika, hata Georgette. Mimi peke yangu nilitaka kulia. Mtoto hasomi kalenda. Wachache sana huzaliwa siku waliyopangiwa. Wengine huchelewa, wengine huja mbio bila sababu. Maisha ya msichana yalikuwa yamewekwa rehani kwa tabia ya mtu ambaye bado alikuwa na ukubwa wa ndimu. Nikakubali, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na lori.

Mama Veronika aliposikia, hakunikemea. Aliniuliza tu, kwa upole wa kuchoma: "Watu walikuwa ndani. Juu ya nini?"

Toka siku ile, Georgette alikuwa na mimba iliyofuatiliwa kuliko zote Lualaba. Mama Ngoie hakukosa kliniki hata mara moja. Aliikagua futi kama inaanza sifuri. Alinipeleka mimi kukojoa badala ya mkwe wake, siku moja alipokoroga maelekezo. Sentimita zilipanda sawasawa na wiki, naye akazitazama zikipanda kama mtu anayetazama maji ya mafuriko. Georgette aliposema mtoto anacheza, Mama Ngoie akasema ni maharage. Wiki mbili baadaye, teke lilisukuma futi mbele ya macho yake, na maharage hayakutajwa tena.

Siku moja nikampa ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo. Aliinama, sikio kwenye pembe, shingo yake ikiwa imepinda kwa mara ya kwanza.

"Juu ya nini inakimbia vile?"

"Moyo wa mtoto hukimbia, mama."

"Anakimbia nini?"

"Labda amesikia sauti yako."

Georgette akacheka, akafunika mdomo haraka. Mama Ngoie hakucheka, lakini hakurudisha pembe. Mwezi uliofuata alikuja na bakuli la samaki na bukari, ugali wetu, akamwambia mkwe wake ale, maana "hata kama ni ya mwengine, asife na njaa mu nyumba yangu." Huyo ndiye alikuwa Mama Ngoie akiwa katika hali ya huruma.

Mwanzo wa Desemba, mvua ikinyesha asubuhi, walifika watatu nyuma ya dereva mmoja wa pikipiki, Georgette katikati ya Ilunga na Mama Ngoie. Uchungu ulikuwa umeshaanza vizuri. Nilihesabu bila kutaka kuhesabu: karibu mwezi mzima mapema. Kwenye soko walikuwa ndiyo kwanza wanatundika mapambo ya Noeli.

Georgette alinishika kifundo cha mkono. Hakuuliza kama ataumia. "Mama, anaweza kungoja kidogo?"

Niwaambie vijana, nimejibu maswali mengi chuoni na baada ya chuo. Kwa lile nilimpa mkono wa pili aushike.

Mama Veronika alimtoa nje Ilunga, mwenye pikipiki, na jirani mmoja ambaye hata leo hatujui alitoka wapi. Mama Ngoie akaelekea mlangoni mwenyewe. Mama Veronika akamwekea mkono begani. "Wee bakia. Leo utaona na macho yako."

Alizaliwa mvulana, mdogo, mwenye hasira. Alilia kama kibati kinachokwaruzwa. Tulimfuta, nikamleta karibu na dirisha palipokuwa na mwanga.

"Mama Ngoie, uje."

Alikuja polepole. Nikamwonyesha mabega ya mtoto, yamefunikwa vinyweleo laini kama vya panya mchanga. Nikamwonyesha nyayo zake: mistari mbele, na kisigino laini kama sabuni. Kisha nikalikunja sikio lake dogo kwa kidole, nikaliachia. Halikuruka kurudi. Lilibaki limekunjika, likajifungua taratibu, kama jani lililonyeshewa.

"Umezaa saba, mama. Sikio la mtoto aliyemaliza miezi yake liko hivi?"

Alilikunja mwenyewe. Likabaki. Akalikunja tena. Aligusa mabega, akashika mguu, akaugeuza kama anachagua samaki.

"Huyu hakuiva," alisema mwishoni. "Huyu amekuja mbio."

"Amekuja mbio, mama."

"Kama angeanza mbele ya Pasaka, angekuwa ameiva."

Sasa hapa ndipo nataka mfungue masikio. Sikio la mtoto linaweza kukuambia kwamba amekuja mapema. Wiki mbili kamili, kwa uhakika wa kumhukumu mwanamke, haliwezi. Nyayo haziwezi. Vinyweleo haviwezi. Kitu pekee kilichoweza kutoa ushahidi huo kilikuwa ile mashine ya mwezi wa tatu wa mimba, ambayo ilisema kweli mbele ya watu wote, na hakuna aliyeiamini. Sikio, ambalo halikujua chochote, likaaminiwa mara moja. Mimi, Mama Juu-ya-Nini, niliyembishia profesa, mchungaji na Mama Veronika, nilikuwa na swali mdomoni. Nikalimeza. Lilikuwa tamu.

Mama Ngoie alifungua blauzi yake, akamweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akamfunga kwa kitenge, kabla hatujamfundisha. Alimfokea Georgette kwa nini hana soksi. Alimfokea Ilunga kupitia dirishani alete uji. Alikaa hivyo siku nyingi, akipokezana na Georgette, mpaka mtoto akaanza kunenepa.

Siku ya kuondoka, tukiwa wawili, aliniuliza bila kunitazama: "Na kama sikio ingekuwa ngumu, ungesema nini?"

"Ningekuonyesha kisigino, mama."

"Na kisigino?"

"Mabega."

Akatikisa kichwa. "Bongo yako iko na diploma." Lakini alicheka, na shingo yake ikacheka pamoja naye.

Mtoto alipelekwa kanisani katikati ya msimu wa Noeli, kati ya vitoto vingi vilivyoitwa Noela na Emmanuel. Bibi yake ndiye aliyemtaja mbele ya watu: Paskali, mtoto wa Pasaka. Watu wa kwaya wakageuziana macho. Mmoja, mwenye ulimi mrefu, akamwuliza barazani, nami nilikuwepo: "Mama Ngoie, anazaliwa mu Desemba, munamwita Paskali?"

Mama Ngoie alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge, akanyoosha shingo.

"Benu munabaita jina ya siku balizaliwa," alisema. "Shiye, yetu tunamwita jina ya siku alianza."